Wavamizi Walioshuka Mstari kwa Mstari

Kibanda kilikuwa nyuma ya maduka ya vipuri, hatua chache kutoka stendi ya Buzuruga, pale mabasi ya Musoma, Tarime na Sirari yalipokuwa yakipakia. Kuta zake zilikuwa za mabati, mlango wake kanga kuukuu, na ndani mlikuwa na televisheni moja ya chogo, mabenchi mawili ya mbao, na watoto kama kumi na watano ambao wengi walitakiwa kuwa mahali pengine. Mimi nilikuwa nimetumwa mafuta ya taa. Ilikuwa 1997, na sarafu ya shilingi 50, ile mpya yenye faru, ndiyo iliyokupatia zamu. Sarafu haikutumbukizwa kwenye mashine. Ilitumbukia mkononi mwa mwenye kibanda, naye akatazama saa yake.

Kaseti iliyochomekwa ilijitangaza kuwa na michezo 9999. Tulioihesabu kwa subira tuligundua kwamba baada ya michezo michache inaanza kujirudia. Wakubwa waligombea mpira, au ule wa askari wawili wanaokimbia msituni wakimimina risasi. Mimi nilisubiri wachoke, nikaomba ule uliokuwa wa zamani kuliko yote: kioo cheusi, mistari ya viumbe vidogo vinavyotembea pamoja kama gwaride, na chini kabisa mzinga mmoja mdogo uliokuwa wangu. Tuliuita wavamizi.

Siku moja ya mvua aliingia fundi baiskeli aliyekuwa na meza yake nje ya kibanda. Tulimwamkia, akaitikia, akasimama nyuma yetu huku maji yakimchuruzika kwenye kofia. Alitazama muda mrefu.

"Hao wanaoshuka ni akina nani?"

"Wavamizi, babu."

"Wanatoka wapi?"

"Angani."

Akanyamaza. "Hata hapa Mwanza walikuja kutoka angani," akasema. "Wakaua swala wa Saanane."

Tulicheka, kwa sababu mzee wa Kisukuma anapozungumza na watoto wasio wake, mara nyingi anatania. Ilinichukua miaka kujua kwamba hakuwa anatania hata kidogo, na miaka mingine zaidi kutambua kwamba gemu ile na vita aliyokuwa akiizungumzia ni za mwaka mmoja.

Gemu yenyewe ilitoka Tokyo, Japani, katikati ya 1978, kwa jina la Space Invaders. Aliyeitengeneza ni mhandisi wa kampuni ya Taito, Tomohiro Nishikado, mzaliwa wa 1944, ambaye alifanya karibu kila kitu peke yake kwa muda wa kama mwaka mzima: mitambo, programu na michoro. Kampuni hiyo ilikuwa imeanzishwa mwaka 1953 na Michael Kogan, mzaliwa wa Odessa aliyehamia Mashariki ya Mbali. Nishikado hakuwa mgeni wa michezo ya kufyatua. Mwaka 1975 alikuwa ametoa Western Gun, pambano la wachunga ng'ombe wawili wa Kimarekani, na kampuni ya Midway ya Chicago ilipoutengeneza upya kwa soko la Marekani, iliweka ndani yake kichakato kidogo badala ya msitu wa saketi zilizounganishwa kwa waya. Nishikado aliona kwamba wenzake wameufanya mchezo wake uwe mwepesi na laini kuliko alivyoufanya yeye. Hakununa. Aliagiza kichakato cha Intel 8080 akaanza kujifunza.

Shabaha kwa sarafu ilikuwa biashara ya zamani wakati huo. Mwaka 1936 kampuni ya Seeburg ya Chicago ilitoa Ray-O-Lite, ambapo mchezaji alishika bunduki iliyorusha mwali wa taa badala ya risasi. Mwali ukimgusa bata wa bandia penye jicho la umeme, bata anaanguka. Mwaka 1966 Sega ya Japani ikauza Periscope, kabati kubwa ambalo mtu aliinamia darubini ya nyambizi akatazama meli za bandia zikipita juu ya mawimbi ya plastiki. Akibonyeza, taa zinawaka moja baada ya nyingine chini ya maji yale, nazo ndizo kombora linalosafiri. Naamini mtoto yeyote wa Mwanza aliyekulia karibu na bandari, akiona MV Victoria inavyokata maji kwenda Bukoba, angeuelewa mchezo ule bila kufundishwa. Ila katika michezo hiyo yote adui hakujibu. Bata hana bunduki. Unapiga, muda unaisha, unakwenda nyumbani ukiwa mzima.

Hapo ndipo Nishikado alipobadilisha mambo. Alikuwa ameupenda mchezo wa Atari wa 1976 ulioitwa Breakout, ambao kazi yake ni kubomoa ukuta wa matofali tofali kwa tofali, kwa sababu alihisi ile raha ya kufuta kitu mpaka kiishe. Akaamua matofali yake yatembee na yajibu mapigo. Kwanza alichora vifaru, ndege na meli, akaona havitembei vizuri. Akachora binadamu, nao wakatembea vizuri sana, lakini katika kampuni kuwapiga watu risasi kwa mchezo kulionekana ni jambo baya. Basi akakumbuka viumbe wa Mirihi wenye mikono ya pweza katika riwaya ya H. G. Wells ya 1898, akachora pweza, kaa na ngisi. Sisi wa ziwani hatuna pweza. Wale wa juu tuliwaita popo, wa kati vyura, wa chini mafuvu, na sijui kama Nishikado angekubali.

Mchezo unakwenda hivi. Wavamizi ni 55, mistari mitano ya 11. Wanatembea wote kwa pamoja kuelekea upande mmoja, na yule wa pembeni akigusa ukingo wa kioo, jeshi zima linashuka hatua moja na kugeuza mwelekeo. Wewe una mzinga unaokwenda kushoto na kulia tu, chini kabisa, na juu yako ngome nne za kujikinga. Mzinga wako unarusha risasi moja kwa wakati. Mpaka hiyo igonge kitu au ipotelee juu, huna nyingine, na aliyekosa shabaha anasimama pale mikono mitupu akisubiri risasi yake ya kosa imalize safari. Jambo hili moja ndilo linalomtofautisha mchezaji mzuri na mwenye papara. Viumbe wa mistari miwili ya chini wana alama 10 kila mmoja, wa miwili inayofuata 20, na wa mstari wa juu 30, hivyo ukiwafuta wote umepata 990. Mara kwa mara sahani ya ajabu inapita juu kabisa ikipiga kelele, nayo ina alama kubwa ambazo wengi walidhani zinatoka kwa bahati. Haikuwa bahati. Mashine ilikuwa inahesabu risasi zako: sahani ukiipiga kwa risasi ya 23, na baada ya hapo kwa kila ya 15, inakupa 300. Wajapani waligundua siri hiyo wakawa wanacheza huku midomo inahesabu.

Ngome zinahitaji maelezo zaidi. Zinakukinga na risasi za juu, lakini zinaliwa, kipande kwa kipande. Na zinaliwa na risasi zako pia. Ukifyatua ukiwa chini yake, unatoboa paa lako mwenyewe.

Halafu kuna mwendo. Mwanzoni wavamizi wanatembea polepole kama watu wanaorudi kutoka mnadani. Kadiri unavyowapunguza ndivyo wanavyoongeza kasi, mpaka yule wa mwisho anapita kama mshale. Watu wengi hudhani hilo lilipangwa tangu mwanzo. Ukweli ni kwamba mashine ilikuwa dhaifu. Kioo kilichorwa upya mara 60 kwa sekunde, na kila mara kichakato kilisogeza kiumbe mmoja tu. Wakiwa 55, hatua moja ya jeshi zima inachukua karibu sekunde nzima. Akibaki mmoja, kila mchoro ni hatua yake. Nishikado aliliona tatizo hilo, akalionja, akaliacha, kwa sababu lilikuwa limempa kitu ambacho hakujua namna ya kukibuni: unavyokaribia kushinda ndivyo hatari inavyozidi. Chini yake akaweka sauti nne nzito zinazoshuka na kujirudia, zinazoharakisha pamoja na miguu yao. Kifua cha mchezaji huanza kufuata sauti hiyo bila yeye kujua. Nimeicheza ukubwani sauti ikiwa imezimwa, na nakuhakikishia si mchezo uleule.

Ukifa, una mizinga mingine ya akiba. Lakini mvamizi mmoja tu akifika chini, yote yamekwisha, hata uwe na akiba kiasi gani. Na ukiwafuta wote 55, wanakuja wengine 55, safari hii wakianzia chini zaidi. Hakuna mahali pa kushinda kabisa.

Japani ilishikwa na homa. Maduka yalifunguliwa yenye mashine hizo tu, zikiwa zimelazwa kama meza ili mtu anywe kahawa juu ya vita, na kila zamu ilikula sarafu ya yeni 100. Mpaka leo utasikia kwamba nchi ile iliishiwa sarafu kwa ajili ya mchezo huu. Ni hadithi tamu isiyo na ushahidi. Midway ikaichukua gemu yenyewe kwenda Marekani, ambako ililishwa senti 25, na kutoka hapo ikasambaa duniani.

Haikufika Mwanza, na isingeweza kufika. Tanzania Bara ilikuwa imetoa amri mwaka 1974 ya kuzuia kuingiza kompyuta na vifaa vya jamii hiyo, televisheni zikiwemo, isipokuwa kwa kibali maalumu. Kompyuta ya kwanza nchini ilikuwa imefungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1970 kazi ya kuhamishia hesabu za Serikali kwenye mitambo hiyo ilikuwa imeharibika vibaya na kula fedha nyingi za kigeni. Wapo wanaoicheka amri ile sasa. Mimi siwezi. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda ghafla duniani mwaka mmoja kabla, dola zilikuwa za kuhesabu, na nchi iliyokuwa ikijenga shule vijijini ilikuwa na haki ya kuuliza mashine inamfaa nani. Hata hivyo kabati la Nishikado lilikuwa kompyuta na televisheni ndani ya sanduku moja. Lingezuiwa mara mbili. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka hiyohiyo ya 1970. Bara tulingoja mpaka 1994.

Kwa hiyo mwaka 1978 mtoto wa Buzuruga alikuwa na senti 50 yenye sungura, au senti 20 yenye mbuni, au akibahatika shilingi yenye mkono ulioshika mwenge, na sarafu hizo alinunulia karanga. Shabaha yake ilikuwa manati na njiwa walioatamia juu ya mawe.

Kisha Oktoba ikafika. Majeshi ya Idi Amin yalianza uchokozi mpakani mwanzoni mwa mwezi huo, na tarehe 30 yakavuka na kuitwaa ardhi yote ya Kagera iliyo kaskazini ya mto. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akatangaza vita, na kila aliyekuwa na redio, au jirani mwenye redio, alisikia kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, na nia tunayo. Neno mvamizi likawa neno la kila siku, pamoja na nduli. Mwanza ilikuwa na kambi ya ndege za kivita, hivyo ilijua kwamba itatafutwa. Katika siku hizo za mwanzo, askari wetu wa kutungua ndege mjini Musoma waliona ndege tatu zikija, wakazipiga, wakazipata zote. Zilikuwa za kwetu wenyewe, ziko njiani kwenda Mwanza.

Sijawahi kuusoma mkasa huo bila kukumbuka ile ngome inayotobolewa kutoka chini.

Miezi mitano baadaye vita ilikuwa imehamia ndani ya Uganda, na Muammar Gaddafi wa Libya alikuwa upande wa Amin. Tarehe 29 Machi 1979 ndege ya Libya aina ya Tu-22, dege kubwa la mabomu lililoundwa na Warusi, ilikuja Mwanza kulipua maghala ya mafuta. Makombora yake matano yote yalikosa. Yaliangukia kisiwa cha Saanane.

Saanane kiko karibu sana na mji. Ukisimama Capri Point unakiona kama umekitupia jiwe. Kina jina la Mzee Saanane Chawandi, mkulima na mvuvi aliyeishi pale kabla Serikali haijakifanya bustani ya kwanza ya wanyama nchini, mwaka 1964. Wanafunzi wa Mwanza walivushwa kwa boti kwenda kuona simba waliokuwa wamewasoma vitabuni. Siku ile makombora ya Libya yalimjeruhi kidogo mfanyakazi mmoja, yakaua swala sita na ndege kadhaa. Lugha yetu inatumia neno moja kwa kile kilichokuja na kile kilichokufa: ndege iliua ndege. Siku tatu baadaye ndege za Tanzania zilijibu kwa kupiga maghala ya mafuta ndani ya Uganda, na tarehe 11 Aprili Kampala ilikuwa mikononi mwa majeshi yetu na Waganda waliopigana pamoja nao.

Majuma hayohayo, huko Marekani, wavulana walikuwa wamejipanga foleni na senti 25 mkononi kulinda dunia dhidi ya wavamizi wa angani. Sisemi hivyo kwa kuwalaumu. Hawakujua, kama ambavyo sisi hatukujua habari zao. Nasema kwa sababu katika kioo cha Nishikado risasi iliyokosa inapotea juu bila madhara, na kosa lako pekee ni ule muda uliopoteza ukiisubiri. Ziwani kwetu kila kombora lililokosa lilikuwa na mahali pake pa kuangukia.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya foleni za sabuni na sukari, na hakuna aliyewaza gemu. Mlango ulianza kufunguka 1984, waliokuwa na fedha zao nje waliporuhusiwa kuagiza bidhaa, ukafunguka zaidi chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi. Televisheni zikaingia, kisha deki za video na vibanda vyake vya filamu za karate, na katika miaka ya 1990 zikaja mashine za bei nafuu zilizonakili Famicom, ile iliyotolewa na Nintendo ya Japani mwaka 1983. Taito ilikuwa imeuhamishia mchezo wake kwenye Famicom mwaka 1985. Basi ndivyo wavamizi walivyotufikia, bila kabati na bila tundu la sarafu, wakiwa wamebanwa katikati ya michezo mingine ndani ya kaseti ya rangi ya chungwa, karibu miaka ishirini baada ya kuzaliwa.

Mashine nyingine zilikuja na bunduki ya plastiki ya kupigia bata. Tuliamini bunduki ile inarusha kitu kisichoonekana, na mwenye kibanda alitukataza kuelekezeana machoni. Kumbe ilikuwa kinyume cha ile ya 1936. Bunduki hairushi chochote, inatazama. Ukivuta kifyatulio, kioo kinakuwa cheusi kufumba na kufumbua, kisha bata anageuka kisanduku cheupe, na jicho lililo ndani ya mtutu linasema kama limeona mwanga au halikuona. Inahitaji televisheni ya chogo. Vioo bapa vya siku hizi havichori kwa namna ile, na bunduki zile zote zimekuwa vipofu.

Siku ile ya mvua nilikuwa nimebakiza dakika chache. Mzee aliuliza kama naye anaweza kujaribu. Nilimpa pedi, nikamwonyesha: hiki kushoto, hiki kulia, hiki kufyatua. Vidole vyake vilikuwa vimejaa grisi, akavipangusa kwanza kwenye suruali.

Aliusogeza mzinga mpaka chini ya ngome ya kwanza akausimamisha hapo. Wavamizi walikuwa wamejaa wote, kila mahali palikuwa pa kulenga. Hakufyatua.

"Piga, babu! Piga!"

"Ngojeni."

Risasi za juu zilianza kuila ngome. Ilipobaki kama mkate uliong'atwa, akahamia ya pili, akatulia tena. Tulikuwa tunaruka kwenye mabenchi. Jeshi lilishuka, likageuka, likashuka. Yeye alikuwa akitazama ngome tu, hakuwatazama wavamizi, akihama kabla ya paa kutoboka, kwa ustadi ambao sijauona kwa mchezaji yeyote tangu hapo. "Tulichimba handaki nyuma ya nyumba," alisema bila kugeuka. "Usiku hakuna kuwasha taa. Mama yenu mdogo alikuwa na mtoto mchanga, tunamziba mdomo asilie." Alihamia ngome ya nne. Hakuguswa hata mara moja. Mizinga yake yote ya akiba ilikuwa bado imepangwa pale chini ya kioo wakati mstari wa mwisho ulipofika ardhini na mchezo ukakata.

"Nimekufa?" akauliza.

"Hujafa, babu. Wamefika chini."

Akatikisa kichwa. Akatafuta mfukoni, akampa mwenye kibanda sarafu ya faru kwa ajili ya mtoto aliyefuata, akaniambia nifanye haraka na mafuta ya taa kabla hawajanitafuta nyumbani. Mvua ilikuwa imekatika. Alitoka, akaigeuza juu chini baiskeli iliyokuwa inamsubiri, akalizungusha gurudumu la mbele, akainamisha kichwa kulisikiliza.